HUYU MAKHAN SINGH ANATUHUSU NINI SISI WA UKAMBANI?

Ndugu Wafanya Kazi wa Kitui na Makueni,

Tangu karatasi yetu ilipotaja jina la Makhan Singh katika habari za Siku ya Wafanya Kazi, tumeletewa maneno mengi, na karibu yote ni swali moja, hilo lililoandikwa hapo juu. Wengine wameuliza kwa nia njema kwa kuwa shuleni hawakufundishwa habari zake. Hao hawana kosa. Wengine wameuliza kwa dharau. Wanasema: yule alikuwa Kalasinga wa Nairobi, alikufa zamani, sisi hapa twasumbuka na bei ya unga na kazi ya leo ipo kesho haipo, mbona mwatuletea habari za Wahindi?

Hawa wenye dharau ndio nataka kujibizana nao leo. Wanajijua wenyewe. Wako Wote, wako Mwingi, wako Emali, na baadhi yao wamekalia viti vya kamati.

Nianze na Makindu kwa sababu ni karibu. Kila dereva wa lori na kila utingo wa njia ya Mombasa anajua hekalu la Kalasinga pale Makindu, ambapo mtu yeyote hupewa chakula na chai bila kuulizwa dini yake wala fedha yake. Wengi wetu tumekula pale dengu na chapati, tukafuta mdomo, tukapanda gari. Ni wachache waliouliza Kalasinga hao walifikaje Makindu, porini kule. Walifika na reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Watu walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba kuijenga walikuwa karibu 32,000, na 2,493 kati yao walikufa. Makindu ilikuwa kituo cha reli, na hekalu lile lilijengwa mwaka wa 1926 na watu wa reli. Basi ukila chapati pale, jua unakula katika nyumba iliyojengwa na wafanya kazi. Tajiri hakuijenga.

Baba yake Makhan Singh, jina lake Sudh Singh, alikuwa fundi. Alikuja Kenya mwaka wa 1920, akafanya kazi ya reli, kisha akafungua kiwanda kidogo cha chapa Nairobi. Mtoto wake alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, akaja Nairobi mwaka wa 1927. Alimaliza shule ya juu mwaka wa 1931 na hakwenda chuo kikuu. Alisimama kwenye mashini ya chapa ya baba yake akapanga herufi. Nasema haya kwa ajili ya wale wanaodhani msomi ni mtu mwenye joho na kofia. Huyu tunayemwita msomi wa wafanya kazi alikuwa mtu wa wino mikononi.

Sasa sikilizeni jambo la mwaka wa 1935, kwa sababu ndilo hasa linalotuhusu. Nairobi kilikuwako chama kidogo cha mafundi wa Kihindi, na jina lake lilikuwa hivyo hivyo, chama cha wafanya kazi wa Kihindi. Walimwita Makhan Singh awe katibu. Hakuwa na miaka 22. Jambo moja la mwanzo walilofanya chini yake ni kufuta neno la Kihindi katika jina la chama. Kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa mfanya kazi wa kila taifa. Ndugu, kumbukeni wakati wenyewe. Serikali ya Kikoloni ilikuwa imewapanga watu kama magunia dukani: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini mwenye kipande kining'inia shingoni, na mshahara ulikwenda kwa rangi. Fundi wa Kihindi alikuwa akipata zaidi ya Mwafrika, na wako wengi waliomwambia: kaa na yako, usichanganyike na hao, watakushusha. Maneno haya si mageni masikioni mwetu. Nitayarudia huko mbele, na nitawaonyesha nani anayasema leo.

Sitaki kuwadanganya kwamba Waafrika walimiminika siku ile ile. Wanachama wengi wa mwanzo walibaki kuwa mafundi wa Kihindi. Lakini mlango ulikuwa wazi, na chama hakikulala. Kilipigania saa nane za kazi kwa siku, na mwaka wa 1937 kikagoma siku 62 Nairobi kudai nyongeza, wakaipata. Siku 62! Ninyi mnaosema mgomo wa siku tatu ni mrefu, hesabuni.

Mwaka uliofuata jambo likawapata watu wetu wenyewe. Mwaka wa 1938 serikali ilisema Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi, ardhi yaharibika, basi ng'ombe wakamatwe wauzwe kwa nguvu. Hawakutaja kwamba ardhi nzuri ilikuwa imekwisha kukatwa ikapewa Wazungu, ndiyo maana ng'ombe wakasongamana. Tena wakati ule ule kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kikifunguliwa Athi River, na kiwanda hutaka ng'ombe wa bei rahisi. Mtoto mdogo angejumlisha. Wakamba wakaunda chama, Ukamba Members Association, na Muindi Mbingu akawa kinywa chao. Mwezi wa Julai maelfu yao, wanaume, wanawake na watoto, wakatoka kwenda Nairobi, wakakaa huko majuma, wakikataa kurudi mpaka Gavana awasikilize. Serikali ikalazimika kulegeza kamba ya ng'ombe, lakini Muindi Mbingu ikamkamata mwezi wa Septemba ikampeleka Lamu, akakaa huko miaka.

Sasa, katika siku zile za shida, ni nani katika Baraza la Kutunga Sheria aliyesimama upande wa Wakamba? Alikuwa Isher Dass, mjumbe wa Wahindi. Wakati ule Makueni haikuwa peke yake, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos mpaka mwaka wa 1992, kwa hiyo ng'ombe hao walikuwa wa babu zenu pia, ninyi wa Mbooni na Kilungu. Mkiuliza Mhindi anatuhusu nini, ulizeni wazee wenu kwanza.

Mwisho wa mwaka wa 1939 Makhan Singh alikwenda Bara Hindi, na mwaka wa 1940 Waingereza wakamfunga huko bila hukumu. Wakamwachilia mwaka wa 1942 lakini wakamzuia kijijini kwake mpaka 1945. Alirudi Kenya mwezi wa Agosti 1947. Alikuta nchi imebadilika. Mwezi wa Januari mwaka ule ule Mombasa nzima ilikuwa imegoma, gati na reli na mahoteli na hata watumishi wa majumbani, watu kama 15,000, na Wakamba wengi walikuwamo kwa sababu tangu zamani njaa ya Kitui humsukuma mtu kwenda pwani. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwezi ule ule wa Agosti, akapelekwa Kabarnet kwa miaka kumi. Serikali ilitaka kumrudisha Makhan Singh Bara Hindi, ikashindwa. Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa vikaungana vikawa East African Trade Unions Congress, Fred Kubai akiwa Rais na Makhan Singh Katibu Mkuu. Mwafrika na Mhindi katika ofisi moja, chini ya serikali ambayo hata vyoo ilivigawa kwa rangi.

Tarehe 23 Aprili 1950 kulikuwa na mkutano katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, wa Kenya African Union pamoja na chama cha Wahindi. Makhan Singh akasimama akatoa azimio kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, tena sasa. Neno hilo wakati ule watu walikuwa wakilisema chumbani mlango umefungwa. Yeye alilisema ukumbini, mbele ya makachero. Tarehe 15 Mei wakamkamata yeye na Kubai. Kesho yake Nairobi ikasimama. Wafanya kazi walidai viongozi waachwe, na walidai mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilileta mabomu ya machozi, magari ya vita, na ndege juu ya mitaa ya Waafrika. Mgomo ulidumu zaidi ya juma moja ukaenea hata miji mingine.

Makhan Singh alipelekwa mbele ya jaji Nyeri, Jaji Thacker, yule yule aliyekuja baadaye kumhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria. Hakuficha kwamba yeye ni Mkomunisti, na hakuomba msamaha. Walimpeleka Lokitaung kaskazini, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Alitoka tarehe 22 Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Wako mashujaa wengi wa uhuru wa nchi hii ambao picha zao ziko ukutani kila ofisi, na hakuna hata mmoja aliyezuiliwa na Mkoloni Kenya miaka mingi kama hiyo. Ukubali Ukomunisti au uukatae (mimi nina ndugu katika chama wanaokwenda kanisani kila Jumapili na wanamheshimu), mtu aliyekaa jangwani miaka 11 kwa ajili ya mshahara wako ana haki ya kutajwa jina.

Baada ya uhuru alipata nini? Hakupata kitu. Hakupewa wizara, wala ubalozi, wala kiti cha chama. Wakati yuko kizuizini vyama vya wafanya kazi vilikuwa vimeshika njia nyingine, na mwaka wa 1965 serikali ikavunja mashirikisho yaliyokuwapo ikaunda COTU, na Rais akapewa uwezo wa kuteua viongozi wake wakuu kutoka kwa majina aliyopelekewa. Waziri wa Kazi miaka ile alikuwa mtu wetu wa Kitui, Ngala Mwendwa. Nalitaja hili kwa wale wanaosema tukiwa na Mkamba juu mambo yetu yatanyooka. Tulikuwa naye, miaka mingi, katika wizara ile ile ya kazi. Je, kibarua wa Mutomo alipewa ratili moja zaidi ya unga kwa sababu Waziri alisema Kikamba nyumbani kwake? Ukabila haujawahi kulipa mshahara wa mtu yeyote ila wa mwenye kuuhubiri.

Basi Makhan Singh alifanya nini alipoachwa nje? Alikaa akaandika. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanya kazi Kenya mpaka mwaka wa 1952 kilitoka mwaka wa 1969. Cha pili, cha miaka ya 1952 mpaka 1956, kilitoka mwaka wa 1980, naye amekwisha kufa tangu tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59 tu. Aliviandika kwa sababu moja: alikuwa ameweka makaratasi. Tangu mwaka wa 1935 aliweka vikaratasi vya mgomo, maazimio, barua za matajiri na majibu yake, habari za magazeti. Leo makaratasi hayo yako katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu hutoka ng'ambo kuja kuyasoma.

Mtu mmoja ataniambia: karatasi haijazi tumbo. Nami namwuliza: wewe ulipoitwa mbele ya tajiri, akakwambia mwaka juzi chama chenu kilikubali posho ya nyumba isiongezwe, ulimjibu nini? Ulinyamaza. Ulinyamaza kwa sababu kitabu cha mikutano hakionekani, katibu wa zamani alikwenda nacho kwao, na mke wake huenda amewashia moto. Tajiri yeye ana faili. Ana karani, ana wakili, ana kabati ya chuma. Sisi tuna kumbukumbu ya mzee mmoja ambaye masikio yamechoka. Katika tawi moja la upande wa Kitui niliomba nione orodha ya wanachama wa miaka mitano iliyopita, nikaletewa daftari ya mtoto wa shule yenye hesabu za kugawanya upande mmoja na majina ya watu upande wa pili, nusu yake imeliwa na mchwa. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Chama kisicho na karatasi hudanganywa na kila mtu, na viongozi wake wenyewe ndio wa kwanza kukidanganya. Ndugu zetu wa kamati wanaochukia habari za Makhan Singh, nawashuku kwamba wanachochukia hasa si Uhindi wake. Ni hii tabia yake ya kuandika kila senti na kila neno.

Sasa nalirudia lile neno la mwaka wa 1935, la kukaa na yako usichanganyike. Leo hasemi Mzungu. Anasema mwanachama wetu mwenye kazi ya kudumu. Anasema: vibarua wasiandikwe katika chama. Hawa wa leo wapo kesho hawapo, hawalipi ada sawasawa, watatushusha, watavuruga mkataba wetu. Wasichana wa kushona nguo, vijana wa kupakia mchanga mitoni, wakata mkonge wa siku kwa siku, wachuma maembe wa msimu, wabeba mawe wa ujenzi wa bwawa, hao wakaunde chama chao. Nimesikia hayo kwa masikio yangu kwa watu ninaowaheshimu. Ni maneno yale yale aliyoambiwa fundi wa Kihindi, mmebadilisha nguo tu.

Tuyatazame kwa sheria kwanza, maana hawa ndugu hupenda kujificha nyuma ya sheria. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka wa 2007, kifungu cha 54, inasema tajiri lazima akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake wanaostahili kuwa wanachama. Haya, tupige hesabu ya mfano. Pana watu 100. Wa kudumu ni 30, vibarua ni 70. Ninyi mnaandika wale 30 wote, hata mmoja hakosi, mnapiga makofi. Tajiri anawaambia mmekosa nusu, nendeni mrudi mkiwa 51. Hakuvunja sheria. Ninyi ndio mmemfanyia kazi yake. Tena mwaka unaofuata mmoja wa wale 30 akistaafu, mahali pake panawekwa kibarua. Mnakuwa 29, kisha 28. Mnalinda boma ambalo ukuta wake unabomolewa kila mwezi, na mnamfukuza mtu anayekuja na matofali.

Tena iko Sheria ya Ajira ya mwaka ule ule wa 2007. Sheria hiyo inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake hazipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, basi huyo si kibarua tena, ana haki za mfanya kazi wa mwezi. Na akipita miezi miwili mfululizo, haki zake ni kama za mtu ambaye hakuajiriwa kibarua tangu mwanzo. Ndugu, ni wangapi kati ya hao mnaowaita wapita njia wamepita mwezi? Wako waliopita miaka! Wanaitwa vibarua kwa mdomo tu, kwa sababu hakuna mtu aliyekwenda na karatasi ya siku zao kumwonyesha tajiri au mahakama ya kazi.

Na ile hila ya kumpumzisha mtu siku tatu kila mwezi ukikaribia kwisha, kisha kumwita tena kwa jina lile lile na panga lile lile, kila mtu anaijua. Mimi niliwahi kufanyiwa na mwajiri mmoja wa njia ya Mombasa, miezi kumi na minne, kila mwezi likizo ya siku tatu bila mshahara, nyapara akiiita huruma. Dawa ya hila hiyo ni daftari. Siku uliyoingia, siku uliyotoka, nani alikuita, ulilipwa ngapi, na shahidi wako nani. Hapo mnaona kwa nini nilikaa sana kwenye habari za makaratasi.

Wako watakaosema kibarua hana fedha ya ada. Hilo ni neno la kweli na linataka majibu ya kweli. Mtu wa kudumu hukatwa ada na tajiri juu ya mshahara wake na chama hupelekewa fedha benki. Kibarua atatoa mkononi, na mwezi wa njaa hatatoa. Basi iwekwe ada ndogo ya siku za kazi, akifanya kazi anatoa, asipofanya hadaiwi, na apewe risiti, tena risiti yenye nambari. Ni kazi ya taabu zaidi kwa mweka hazina, najua. Fedha inayokuja yenyewe kutoka kwa tajiri ni tamu, haimlazimishi kiongozi kwenda kuonana na mwanachama jua likiwa kali huko Kathonzweni. Kwa maoni yangu huo ndio ugonjwa mkubwa wa vyama vyetu tangu baada ya uhuru, kuliko hata kuingiliwa na serikali. Chama cha 1935 hakikukatiwa ada na tajiri yeyote.

Wengine wanasema kibarua ataogopa mgomo, atakuwa msaliti. Nawauliza, nani huwa msaliti wakati wa mgomo? Ni yule mliyemwacha nje ya lango, ambaye tajiri anamwita asubuhi ya pili akampa kazi yenu. Mnamfukuza mwaka mzima, halafu siku moja mnataka awe ndugu. Wakati wa ujenzi wa reli mpya, tangu mwaka wa 2014 mpaka 2017, vijana wengi wa Emali na Kibwezi na Mtito Andei walifanya kazi ya kibarua, na wakubwa wa vyama wakasema hawa ni wa muda, tusijisumbue. Reli ikaisha. Vijana hao leo wako kila mahali, wengine mchangani, wengine kwenye pikipiki, wengine Thwake ambako bwawa lilianza kujengwa mwaka wa 2018 pale Athi na Thwake zinapokutana, Makueni upande huu na Kitui upande ule. Wangekuwa wameandikwa wakati ule, pale Thwake chama kingeingia kikiwa na watu wake tayari, wanaojua mkataba ni nini.

Na tena tuna kitu chetu wenyewe ambacho kingetufundisha hata bila Makhan Singh. Ni mwethya. Mama akiitisha mwethya kulima au kujenga nyumba, je, anauliza nani ana kazi ya kudumu? Anauliza nani ana jembe. Mkoloni aliujua mwethya nguvu yake, ndiyo maana miaka ya 1940 na 1950 machifu waliugeuza kuwa amri ya kuchimba matuta, ukikosa unatozwa faini. Wazee wengi waliuchukia mwethya wa chifu, lakini ule wa nyumba kwa nyumba haukufa. Wanawake waliulinda. Na kwa kuwa nimewataja wanawake, tazameni kamati za matawi yetu yote ya Kitui na Makueni, mhesabu wanawake waliomo, kisha nendeni kiwanda cha kushona nguo au ghala la maembe mhesabu waliomo kazini. Wale mnaowakataa kwa jina la vibarua wengi ni dada zenu. Semeni basi wazi kama hilo nalo ni sababu.

Ndugu mmoja wa kamati, mtu mpole, aliniandikia kwamba njia nzuri ya kumheshimu Makhan Singh ni kuchapisha picha yake katika kalenda ya chama na kumwalika mkubwa mmoja wa Nairobi aje ahutubie. Nimemjibu kwamba sina ugomvi na kalenda. Lakini mkubwa huyo tutamlipia petroli, atasema Kiingereza saa mbili, tutakula mbuzi, na Jumatatu vibarua 70 watakuwa nje ya lango kama walivyokuwa Ijumaa. Fedha ya mbuzi inunue vitabu vya risiti na kabati ya bati yenye kufuli.

Kwa hiyo jambo hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu wa matawi ya Kitui na Makueni kama azimio, nalo lina mambo matatu. Kwanza, maneno "mwenye kazi ya kudumu" yafutwe katika kanuni za matawi yetu palipoandikwa nani anaweza kuwa mwanachama, na mahali pake pawekwe "kila mfanya kazi". Pili, kila tawi liwe na daftari ya siku za vibarua na kitabu cha mikutano, na vyote viwe na nakala ya pili itakayowekwa mahali pengine mbali na nyumba ya katibu. Tatu, kila tawi lichague wanawake wawili katika kamati kutoka mahali ambapo wanawake wanafanya kazi.

Wanaopinga wana haki ya kupinga, na karatasi hii itachapisha majibu yao kama wakiyaandika na kutia jina. Wasiotia jina wasahau. Wanaokubali wapeleke majina ya vibarua wa mahali pao kwa mweka hazina wa tawi kabla ya mkutano, kila jina na tarehe aliyoanza kazi, na kama tarehe haijulikani sawasawa iandikwe mvua gani au mavuno gani, tutaitafuta. Wanaotoka Kyuso na Tseikuru waanze safari siku moja mbele, kwa sababu mkutano utafunguliwa saa tatu asubuhi na kura haitangojea gari.

Katibu wa Habari